Spika za Shaweji Zimekataa Tena

Siku hizi spika ndizo zinazochagua amplifaya, na zikikataa hazipigi wimbo hata mmoja. Mume wangu, Shaweji, alinunua mbili ndefu kama milango, na tangu hapo nyumba haikaliki. Amplifaya ya kwanza zilisema haina pumzi. Ya pili ina nguvu, zikasema, ila haina adabu. Ya tatu hazikuitaka tu. Shaweji aliitazama kwa muda, kisha akaenda kutafuta boksi lake airudishe dukani.

"Baba Mwanaidi," nilimwambia, "redio ya jikoni inaimba bila kubembelezwa. Hawa wakwe wa sebuleni wamenichosha."

Leo ameleta ya nne, nzito kama mfuko wa simenti. Spika zikasema kwa sauti tamu, "Hii inatufaa."

Nikashusha pumzi. Angalau sasa nitakunywa chai yangu kwa utulivu.

"Ila humu sebuleni kuna kitu hakiendani na sisi," zikaendelea. "Hakinyamazi muziki ukipigwa."

Nikacheka, nikamgeukia Shaweji tucheke wote. Alikuwa ananitazama kama alivyoitazama ile amplifaya ya tatu.