Kiti cha Nyuma

Mlango uliofunguliwa ulikuwa wa nyuma. Mtu wa makamo, suruali yake ya khaki imepigwa pasi ikanyooka, kofia ya polisi ameibana kwapani, alijitupa kitini bila hata salamu.

"Twende," akasema. "Na upesi."

Jaffar Mwinyihaji alijiweka sawa nyuma ya usukani. Mapajani mwake kulikuwa na kibao cha herufi L, ambacho kamba yake ilikatika Pijo ilipokuwa ikiingia uwanjani. Alikuwa bado akihangaika na fundo. Akakisukumia chini ya kiti, akawasha gari. Pijo yenyewe ilikuwa ya shemeji yake Nassor, kuukuu, ubavuni imeandikwa TEKSI kwa rangi iliyoanza kubanduka. Nassor alikuwa ng'ambo ya barabara akinywa kahawa. Alisema hana moyo wa kutazama.

Kwamba mtahini ameketi nyuma, hilo halikumshangaza Jaffar hata kidogo. Hii ilikuwa testi yake ya sita, na pale uwanjani Changamwe sifa zake zilikuwa zimetangulia mbele yake. Mara ya kwanza alizoa mapipa yote manne. Mara ya pili aliambiwa arudi nyuma, akaenda mbele mpaka barazani pa ofisi. Mara ya tatu aliambiwa akate kushoto, akauliza, "Kushoto kwako au kwangu?" na hali wameketi bega kwa bega. Ya nne mwenyewe hapendi kuikumbuka. Ya tano alifunga breki ghafla kwa ajili ya kuku, na sajini aliyekaa mbele akapasua kioo kwa paji la uso. Baada ya hapo, mtu mwenye akili zake akae mbele afanye nini?

Lakini leo haikuwa siku ya mzaha. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipeleka mikate ya bekari ya Chaani kwa baiskeli, na sasa bekari imenunua gari. Tajiri alisema wazi: Jaffar akileta karatasi ya kufaulu kabla ya saa kumi, gari ni lake kuendesha. Asipoleta, anapewa Karisa. Karisa huyo, ambaye Jaffar mwenyewe ndiye aliyemfundisha kufunga mikate kwenye kibebeo isimwagike! Na nyumbani mkewe Barke alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mumewe ni dereva, akamshonea na shati la kuendeshea.

"Nishike njia ipi, afande?"

"Ya mjini. Tutoke hapa kwanza."

Mtahini alikuwa ameinama kidogo, akigeuka mara kwa mara kutazama nyuma. Jaffar naye akawa anatazama kioo chake kila mara, aonekane makini.

Walipofika Makupa aligundua jambo: hakuwa amegonga kitu. Gia ziliingia bila kelele. Miguu, ambayo siku zote ilikuwa ikigombania pedeli, leo ilielewana. Huenda siri ilikuwa hiyo tu, kutokuwa na mtu ubavuni mwenye kalamu. Hata wa nyuma hakuandika chochote.

"Sasa wapi, afande?"

"Daraja la Nyali. Halafu Kisauni."

Jaffar alistaajabu. Testi zote zilizopita hazikuvuka hata barabara kuu, na hii imekata kisiwa kizima! Kisha akajijibu mwenyewe: mtu aliyeanguka mara tano lazima apimwe kwa kipimo kikubwa. Akaona ni haki yao.

Kongowea palikuwa pamejaa. Alimpisha mama mwenye tenga la nyanya, akampisha mwenye mkokoteni. Halafu, kana kwamba ametumwa, akatokea kuku. Jasho lilimtiririka Jaffar mgongoni. Akakanyaga breki taratibu, Pijo ikasimama kimya, kuku akavuka kwa raha zake.

"Vizuri sana, dereva," ikasema sauti ya nyuma.

Machozi yalimlengalenga. Maneno hayo hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote wa serikali. Tangu hapo hadi Mishomoroni alikuwa akimwona Barke akilinyoosha lile shati, na Karisa akipanda baiskeli.

Kwenye duka lenye bati la kijani aliguswa bega.

"Hapo. Shukisha."

Jaffar aliegesha, akatoa gia, akavuta hendibreki, akazima. Akaweka mikono mapajani na kungoja hukumu yake.

Yule mtu aliteremka, akaja dirishani kwake, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Una mkono mtulivu, bwana. Wallahi nimepumzika."

"Ahsante, afande," akasema Jaffar, akafungua kinywa aulize lile la kuuliza. Lakini mwenzake alikuwa bado na lake.

"Hujui umeniokoa na nini leo. Niliwaambia tumbo laniuma, nikatokea mlango wa uani. Mimi mgeni pale, nina wiki moja tu, na wamenipangia mtu wa testi ya sita! Mwenzangu alishonwa nyuzi saba kwenye paji, kwa sababu ya kuku. Mimi nina watoto wanne, bwana. Gari la huyo mtu mimi silipandi."

Akapapasa mfukoni, akatoa noti, akaipenyeza dirishani.

"Chenji kaa nayo. Na uniambie jina lako, siku nyingine nikuulizie wewe."