Goti la Jumatano

Goti la Mzee Odera lilikuwa limepona siku nyingi, na aliyejua siri hiyo ni yeye na Mungu wake. Kila Jumatano alibandikwa vibandiko vyeupe kwenye nyonga, goti na kifundo cha mguu, akaambiwa atembee mbele ya kamera. Na kila Jumatano aliuburuta mguu kama mlango uliokwama.

"Tembea kawaida, baba," Janet, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimwambia.

"Ndiyo kawaida yangu, mwanangu. Uzee huu."

Uzee gani! Mzee alikuwa anaogopa kupona. Alikuja Buswelu kwa binti yake Queen kwa ajili ya matibabu tu. Goti likikunjika sawasawa, anarudishwa Sengerema, kwenye nyumba isiyo na hata mtu wa kumwambia pole. Na hapa kliniki, kwenye benchi la nje, palikuwa na Modesta.

Modesta alikuwa mjane mwenzake. Kila wiki alimkuta amekaa pale na chupa ya chai na karanga zake, anasubiri kuitwa. Anaumwa nini? Odera hakuuliza. Mtu mzima na akili zako, utamuulizaje mama wa watu habari za miguu yake? Walizungumza mengine: wajukuu, mvua, marehemu wao. Tena mama mwenyewe mtani kwelikweli.

"Hiyo kaptura yako ya njano usije ukaibadilisha," alimwambia siku moja. "Nikiiona tu, moyo unatulia."

Tangu siku hiyo mzee hakuja na nyingine.

Jumatano hii mambo yakaharibika. Queen aliamua kumsindikiza, akaingia naye mpaka ndani, akashika kiuno.

"Dada, huyu jana amepanda mawe nyuma ya nyumba anakimbiza jogoo. Nimemwona kwa macho yangu."

Sasa achechemee mbele ya nani? Mzee akatembea vizuri, roho inamuuma. Janet akaipima picha palepale kwenye kompyuta, akatabasamu.

"Hongera, baba. Goti linakunjika safi kabisa. Amebaki mwenzangu naye aipime picha hiyohiyo, peke yake, bila kujua mimi nimepata ngapi. Jicho la mtu mmoja haliaminiki. Tukikubaliana, unakwenda nyumbani."

Odera akatoka nje amenywea.

"Mama, leo ndiyo basi," akamwambia Modesta. "Narudishwa Sengerema. Na mimi sitaki."

Modesta alimmiminia chai, akamtazama akinywa, mpaka naye alipoitwa ndani, wa mwisho kama siku zote. Queen alikuwa ameshaanza kupiga simu za safari.

Haukupita muda, Janet akatokea mlangoni anajikuna kichwa.

"Sielewi. Mwenzangu anasema goti halikunjiki hata nusu ya nilivyoona mimi. Nimemwambia arudie, karudia, hatetereki. Itabidi tupige picha upya Jumatano ijayo, na inayofuata, mpaka vipimo vyetu vipatane."

"Kamera yenu mbovu," Queen akasema.

"Kamera haina shida, dada."

Mzee nusura acheze. Akajizuia, akakumbuka kulishika goti.

"Huyo mwenzako ana macho," akasema kwa upole. "Ni nani, mwanangu, nimwombee kwa Mungu?"

"Sista Modesta, muuguzi mstaafu wa wodi ya mifupa. Na usidhani anapendelea, baba. Picha haionyeshi sura, ni kuanzia kiunoni kushuka chini tu. Tena mnapopigwa picha namkalisha kule nje kwenye benchi, asije akamjua mgonjwa hata mmoja."