Koti Lisiloguswa Mkasi

Mikono ya koti ilikuwa imeshuka tena. Mwezi uliopita ilimwishia Mjomba kwenye vifundo vya mikono. Leo imeteremka mpaka mwanzo wa vidole, na mabega yananing'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Unaona?" alimwambia fundi wa mavazi wa kituo cha televisheni. "Nakwisha."

Fundi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake.

"Pole, baba. Daktari kasemaje?"

"Eti mzima. Eti kilo zilezile! Mizani yake mbovu, na yeye mwenyewe namtilia shaka." Mjomba alifungua kifungo cha suruali apate kupumua; alikuwa ametoka kula. "Ugonjwa gani huu, unamaliza mabega unaacha tumbo?"

"Magonjwa ya siku hizi, baba, nayo yanachagua."

Kwa miaka kumi na mitano Mjomba, kama watazamaji walivyomwita, ndiye aliyekuwa uso wa "Usiku Hauna Adabu", kipindi cha kuwacheka wakubwa. Jicho lake lilikuwa kali. Waziri aliyepaka nywele rangi alimgundua, mbunge aliyevaa saa iliyosimama alimgundua, hakuna kilichompita. Lakini leo jioni ilikuwa mara yake ya mwisho. Mtu anayesinyaa namna hii, alisema, bora akae nyumbani mkewe amlishe.

Tatizo ni kwamba kiti kilikuwa bado hakijapata mtu, na mrithi alitakiwa avishwe koti mbele ya kamera jioni hiyohiyo. Koti lenyewe lilikuwa la miraba ya kijani na zambarau, la kuumiza macho. Mjomba naye alikuwa amelirithi: siku ile walijaribishwa watano, likamwenea yeye. Hilo ndilo lilikuwa sharti la kituo. Watazamaji wanalijua koti kuliko wanavyomjua mtu; litakayemwenea, ndiye.

"Na mkasi usiliguse," mkurugenzi alikumbusha alipoingia na watu wake wawili.

"Tangu nikabidhiwe, bosi, mkasi haujaligusa," fundi alijibu, akisogeza kiwembe chake cha kufumulia nyuzi ili wapate nafasi ya kupita.

Kwenye kona, juu ya sanduku la viatu, binti mwandishi alikuwa anamalizia vichekesho vya jioni. Alikuwa mwanamke wa mwili wa kujaza mlango, mtoto wa marehemu dada yake fundi, na kila mzaha uliowavunja watu mbavu kwa miaka saba ulitoka kwenye kalamu yake. Kila mwisho wa mwaka Mjomba alimwambia, humu humu, fundi akisikia, "Mwakani nakuachia kiti, binti yangu." Aliahidi kwa moyo mweupe kabisa, maana alijua koti halimwingii. Mwaka juzi binti alilijaribu kwa utani, likamkwama viwikoni. Wote walicheka, isipokuwa fundi.

Wa kwanza kujaribu alikuwa shemeji yake mkurugenzi, mwembamba kama mpini wa fagio. Koti lilimzunguka, likabaki na nafasi ya mwingine.

"Nitanenepa," aliahidi.

"Kabla ya saa moja?" fundi aliuliza kwa upole.

Wa pili alikuwa mtangazaji wa michezo, kijana mrefu aliyeinama kupita mlangoni. Mikono ilimwishia shubiri nzima juu ya vifundo. Alitoa kichekesho kimoja ili kuokoa hali, akakicheka peke yake mpaka mwisho.

Mkurugenzi alijifuta jasho kwa tai yake mwenyewe. "Sasa jamani nitamtangaza nani? Nikitangaza koti tupu watanielewa?"

Mjomba alimwonea huruma. "Basi hebu binti naye alivae," alisema, "angalau tucheke kidogo kabla hatujaagana."

Binti alimtazama mama yake mdogo. Fundi alikuwa ameinamia meza, anatafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake.

Binti aliweka karatasi chini, akaingiza mkono wa kwanza. Koti halikukwama. Akaingiza wa pili. Lilipanda mgongoni, likatulia mabegani, vifungo vyote vitatu vikaingia matunduni bila kubembelezwa, na mikono ikamwishia kwenye vifundo, si juu, si chini.

Hakuna aliyecheka.

Binti aligeukia kioo, akavuta pumzi. "Habari za usiku, wananchi. Mjomba ametuaga. Waheshimiwa, nasikia mmeshusha pumzi. Hebu zipandisheni tena."

Mkurugenzi alicheka mpaka akashika mlango. "Ndiye! Huyu ndiye! Alikuwa wapi siku zote?"

"Kwenye sanduku la viatu," fundi alisema.

Mjomba alipiga makofi kwa dhati, huku machozi yanamlengalenga. Kumbe ahadi yake ilikuwa ya kweli! Alimpongeza binti, akampongeza mkurugenzi, akajipongeza na mwenyewe, kisha akafunga kifungo cha suruali na kuinama kuokota mfuko wake aende akajiandae.

Suruali yake, ile ile ya kila siku anayokuja nayo kutoka nyumbani, ilimkaba. Kifungo kiliruka, kikaviringika sakafuni, kikasimama miguuni mwa fundi.

Fundi alikiokota, akamtazama Mjomba kwa juu ya miwani.

"Na hii nayo nikupanulie, baba?"