Mshenga Asiye na Haraka

Chiriku alipenda muziki mno. Ngoma ikilia popote, aliacha hata chakula mdomoni akaruka. Njiwa alimngoja misimu mitatu alete posa, mwishowe akamwambia, "Mwenzangu, mimi si redio ya kuwashwa na kuzimwa."

Chiriku akaona kweli, lakini ngoma za msimu zilikuwa hazijaisha. Akamtafuta mshenga mzito wa mwendo, akampata Bata.

"Kaka Bata, nenda taratibu," alimsihi. "Ukiwahi utaniharibia."

Bata akaenda taratibu. Wazee wa Njiwa wakauliza mwoaji yuko wapi. Akajibu, "Ngomani." Aliporudi mara ya pili, jibu likawa lile lile. Mara ya tatu Njiwa mwenyewe akamwuliza, "Na wewe Bata, ngoma huzipendi?"

"Nazipenda sana, dada. Ila nilisema nitakuja."

Siku ya harusi ya Njiwa na Bata, Chiriku aliitwa kuimba. Bibi harusi akampokea kwa upole, "Karibu, shemeji."

Akaimba. Wageni wakadai arudie, na tena arudie. Kwa mara ya kwanza maishani Chiriku alitamani wimbo uishe aende nyumbani, ingawa huko hakuna aliyekuwa akimngoja.