Tundu la Kona Tatu

Mshale wa geji ya pampu ulikuwa unarudi nyuma tena. Pampu ilikwisha kufyonza hewa yote, lakini mfuko wetu wa silikoni, ule unaobana vitambaa vya nyuzi juu ya kalibu ili tutoe boneti za magari moja baada ya nyingine, ulikuwa unavuja.

Jana nilimtolea uvivu shemeji, mdogo wa mume wangu, aliyeutengeneza mfuko huo, mbele ya karakana nzima. "Umelipua kazi! Silikoni umeipaka kama siagi kwenye mkate wa mgonjwa!" Alivua aproni akaondoka.

Sasa niliinama, nikategesha sikio. Sssss. Tundu lilikuwa ukingoni, pale ninapoushika mimi kila nikiubandua. Lilikuwa na kona tatu.

Nikatazama kidole changu. Kwenye jiwe la pete, lenye pembe tatu, kilikuwa kimenasa kipande cha silikoni ya buluu. Ukutani palikuwa na tangazo nililoliandika mwenyewe: VUA PETE.

Uso ukaniwaka.

Mlango ulifunguliwa. Shemeji alikuwa amefuata viatu vyake vya kazi.

"Umepaona panapovuja?" aliuliza, bila kinyongo.

Nikaliziba tundu kwa kidole gumba. Mshale ukatulia tuli.

"Bado, shemeji."