Kifungo cha Shingoni

Kila mama aliyeajiriwa hupewa Pacha, mashine yenye sura na sauti yake, imlelee mtoto. Wangu anapika pilau kunishinda.

Asubuhi ya Krismasi nilimpa Ndeshi, binti yangu wa miaka miwili, viatu vipya vinavyolia filimbi akitembea. Akavipokea, akamkimbilia Pacha navyo. "Mama, nivishe!"

Kwa wivu nikavinyakua viatu.

"Mwache amvishe," mume wangu alisema. "Si amemzoea?"

"Hata leo, sikukuu? Sitaki!"

Nikamvua Pacha gauni lake la kitenge, nikamzima kwa kifungo cha shingoni, nikamfungia stoo. Gauni nikalivaa mimi. Nikamvisha Ndeshi viatu, nikambeba twende kanisani. Alicheka, akanilalia begani, na roho yangu ikatulia.

Kisha, tukiwa bado mlangoni, mkono wake mdogo ukapapasa nyuma ya shingo yangu, ukitafuta kile kifungo chenye joto anachokishika kila anapobebwa na Pacha. Haukukipata. Akainua kichwa, akanitazama usoni, akaangua kilio.

"Mama! Mama!"

"Mama nipo hapa," nilimwambia.

Kule stoo, sauti yangu ikaitika: "Abee, mwanangu. Nakuja."