Kidole cha Nne

"Malaria hauna, Papa Eugène," muuguzi alisema. "Hata juma ya nyuma haukukuwa nayo."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Tangu alale Kasenyi na mwanamke ambaye hata jina hakumuuliza, Eugène alikuwa akija kituoni kuomba kipimo cha sida, yaani ukimwi. Kila mara mlango ulikuwa wazi, wamama wa foleni wametega masikio, na ulimi wake mpumbavu uliomba cha malaria. Vidole vitatu vimetobolewa bure!

"Unipime tena," alifoka.

Muuguzi alimtazama, akaenda kufunga mlango. Akatoa boksi nyingine kabatini, isiyo ya malaria.

"Leta kidole."

Eugène alinyoosha ngumi. Ilikataa kufunguka. Akaanza kuikunjua kwa mkono wa pili, kidole kimoja kimoja.